Hewa ya Chumba Ni ya Wote



Mji wetu wa Lubumbashi una alama inayotambulikana kutoka mbali: bomba refu la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, pamoja na kilima cheusi cha masalio ya madini kilicho kando yake. Wazee wetu walioishi nyakati za Union Minière, na baadaye Gécamines, walilitazama bomba hilo kama saa ya maisha. Lilipotoa moshi, walijua kwamba mshahara upo, unga upo, na watoto watakwenda kusoma. Moshi ulipokatika, majiko mengi ya nyumbani nayo yalipoa. Kwa hiyo kuwaambia wakaaji wa mji kama huu kwamba kuna moshi unaopaswa kuondolewa si jambo jepesi. Historia yetu imetufundisha kuuona moshi kuwa dalili ya kazi.

Hata hivyo, si kila moshi unalisha nyumba. Tunataka kusema juu ya moshi mmoja tu: ule wa tumbaku inayovutwa ndani ya vyumba na magari tunamokaa wengi. Moshi huo haumlipi mshahara yule anayeuvuta bila kupenda. Hauchemshi maji wala hauivishi bukari. Na kati ya moshi wote unaotuzunguka, huu ndio ulio rahisi kuliko yote kuondolewa, kwa maana hauhitaji mashine wala mkopo. Unahitaji makubaliano, na mtu wa kuyasimamia.

Tueleze kwanza maana ya maneno. Mji usio na moshi wa tumbaku si mji uliowafukuza wavutaji. Ni mji ambamo mahali pote pa ndani panapotumiwa na watu wengi hapavutwi sigara wala shisha: ofisi, masomo, hospitali, hoteli, nyumba za kula na kunywa, teksi na basi. Anayetaka kuvuta hutoka nje, mbali na mlango na dirisha. Ndiyo yote. Mvutaji anabaki jirani yetu, mjomba wetu, mwenzetu wa kazi. Kinachobadilika ni mahali pa kuvutia.

Najua tutaulizwa mara moja: mbona mnahangaika na sigara katika mji wenye makala katika kila jiko, vumbi katika kila njia, na viwanda vya madini pembeni mwa nyumba za watu? Swali hilo ni la haki, wala hatulidharau. Lakini tulipime vizuri. Kuondoa moshi wa makala kunadai umeme unaofika kila nyumba na usiokatika. Kuondoa vumbi kunadai lami. Kupunguza moshi wa viwanda kunadai serikali yenye nguvu na makampuni yanayokubali gharama. Hayo yote tuyadai, na tusichoke kuyadai. Ila kuzima sigara ndani ya chumba hakungojei hata moja kati ya hayo. Tena mapafu hayatenganishi hesabu. Mama anayepika kwa makala mchana na kuuza vinywaji usiku katika chumba kilichojaa moshi anabeba mizigo miwili juu ya kifua kimoja. Tukiweza kumtua mmoja leo, kwa nini tungoje hadi tuweze kuitua yote miwili?

Kwamba moshi huo ni mzigo wa kweli, elimu imekwisha kuthibitisha zamani. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 kati yake husababisha kansa. Mwaka 1981 mtaalamu wa Japani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya uchunguzi uliowafuata kwa miaka mingi zaidi ya wanawake 91,000 walioolewa na ambao wao wenyewe hawakuvuta. Wale ambao waume zao walivuta sana walipatwa na kansa ya mapafu karibu mara mbili kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Makampuni ya tumbaku yalishindana na matokeo hayo kwa nguvu zote, lakini uchunguzi mwingine katika nchi nyingine uliyaunga mkono. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta. Walikaa tu karibu na wanaovuta. Watoto huupata ubaya huo katika pumu, katika maambukizo ya masikio na ya kifua. Watu wazima huupata katika moyo na mapafu.

Wengine husema: basi tutenge pembe ya wavutaji, au tuweke feni. Jambo hilo nalo limechunguzwa. Mwaka 2006 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyosema wazi kwamba hakuna kipimo cha moshi wa tumbaku kisicho na hatari, na kwamba kutenga viti au kupepea hewa hakuwalindi wasiovuta. Feni huzungusha moshi, haiufuti. Aliyekaa katika pembe moja ya chumba anapumua hewa ya pembe nyingine.

Tufikiri sasa ni nani hasa anayelindwa. Mteja wa buveti anaweza kunywa chupa yake na kwenda zake. Msichana anayemhudumia hawezi. Yuko pale tangu jioni hadi usiku wa manane, siku sita au saba kwa juma, na akilalamika, kuna wengine wengi wanaoitafuta nafasi yake. Hivyo ndivyo Ireland ilivyolitazama jambo hili ilipopiga marufuku uvutaji katika mahali pote pa kazi pa ndani, tarehe 29 Machi 2004, na kuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa ukamilifu. Haikusema kwanza juu ya mvutaji, ilisema juu ya mfanyakazi. Wachunguzi waliwapima wahudumu wa mabaa ya Dublin kabla ya sheria na mwaka mmoja baadaye. Kwa wale wasiovuta, alama ya nikotini katika mate yao ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya robo tatu. Watu hao hawakuhama kazi wala hawakumeza dawa. Hewa ya chumba ndiyo iliyobadilika.

Mfano wa pili ni wa mji mdogo, nao unafaa kwetu kwa sababu ya udogo wake. Helena, katika jimbo la Montana nchini Marekani, ni mji ambao wagonjwa wake wa moyo wote walipokelewa katika hospitali moja. Mwaka 2002 wakaaji walipitisha sheria ya mji ya kukataza uvutaji ndani ya mahali pa watu wote na pa kazi. Sheria ilidumu miezi sita tu, kisha ikasimamishwa mahakamani. Waganga walihesabu wagonjwa wa mshtuko wa moyo: katika miezi sita kama hiyo ya miaka mingine walikuwa wapatao 40, na katika miezi ya sheria walikuwa 24. Sheria ilipoondoka, hesabu ilipanda tena. Hesabu hizo ni ndogo, na uchunguzi mkubwa uliofanywa baadaye mahali pengine ulionyesha upungufu usiofikia huo. Lakini mwelekeo ulikuwa ni uleule. Tunajifunza mambo mawili: kwamba mji unaweza kuanza bila kungoja taifa lote, na kwamba daftari la hospitali likiandikwa vizuri ni silaha ya mji.

Mfano wa tatu ni Uruguay. Tabaré Vázquez, mganga wa kansa, alikuwa kwanza mkuu wa mji wa Montevideo, kisha akawa rais wa nchi. Tarehe 1 Machi 2006 Uruguay ikawa nchi ya kwanza katika bara la Amerika kuondoa moshi wa tumbaku katika mahali pote pa ndani. Katika miaka miwili iliyofuata, wagonjwa wa mshtuko wa moyo walioingia hospitali walipungua kwa kadiri ya asilimia 22. Nchi hiyo ndogo ilipoongeza masharti makali juu ya pakiti za sigara, kampuni ya Philip Morris iliishtaki mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa mwaka 2010. Mwaka 2016 kampuni ikashindwa, ikaamriwa kubeba sehemu kubwa ya gharama za Uruguay. Mwenye mali nyingi si lazima ashinde.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya mbali tu. Uganda, jirani yetu, ilipata sheria yake ya tumbaku mwaka 2015, nayo ikaanza kutumika Mei 2016. Inakataza kuvuta katika mahali pa watu wote na katika umbali wa mita 50 kutoka hapo, inakataza kuuza sigara moja moja, na kumwuzia mtu asiyetimiza miaka 21. Kampuni ya tumbaku iliipinga, na mwaka 2019 mahakama ya katiba ikaitupa kesi hiyo. Rwanda na Kenya zote mbili zilipiga marufuku shisha Desemba 2017. Lakini Uganda inatufundisha pia jambo lisilopendeza: katika mabaa mengi ya Kampala sheria hiyo ilichelewa kuonekana. Sheria ya taifa haitembei yenyewe kutoka bungeni hadi kwenye meza ya buveti. Ni lazima watu waibebe.

Kongo yetu haikukosa maandishi. Nchi iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku mwaka 2005, na kifungu cha 8 cha mkataba huo kinadai watu walindwe na moshi wa tumbaku katika mahali pa kazi pa ndani, katika magari ya abiria na mahali pa watu wote. Sheria ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya misingi ya afya ya umma inagusa pia tumbaku. Na tangu mwaka 2008 tunayo sheria inayoipa miji na komini mamlaka ya kujisimamia katika mambo yao. Mbao za kujengea nyumba zipo. Kilichokosekana ni fundi na siku ya kuanza.

Kwa nini basi maandishi hayo hayafiki chumbani? Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba kazi ya wote imekuwa kazi ya mtu hakuna. Mganga wa zoni ya afya anafikiri ni kazi ya komini, komini inafikiri ni ya polisi, polisi wanangoja amri, na mwenye buveti anangoja mwenzake aanze.

Ya pili ni hofu, nayo ina msingi. Katika miji yetu kila katazo jipya linaweza kuwa mlango mpya wa kuombea franka njiani. Mkaaji akisikia kwamba uvutaji utatozwa faini, hafikirii mapafu. Anafikiri juu ya mtu mwenye kofia atakayemsimamisha jioni na kumwambia "tuelewane". Sera yoyote ya afya isiyoitazama hofu hiyo itachukiwa kabla ya kuzaliwa, na itastahili kuchukiwa.

Ya tatu imo ndani ya malezi yetu mema. Mtoto hawezi kumwambia baba yake mdogo azime sigara. Mke wa ndugu hawezi kumwambia shemeji. Abiria kijana hawezi kumwambia mzee aliyekaa mbele katika teksi, na mhudumu hawezi kumwambia mteja mwenye mali. Heshima ni hazina yetu, hatutaki kuivunja. Lakini heshima hiyohiyo inamfunga kinywa yule anayeumia. Hapo ndipo tunaona faida kubwa ya kanuni iliyoandikwa na kubandikwa ukutani: inasema badala ya wale wasioweza kusema. Mzee hakemewi na mtoto. Mzee anasoma kibao, anatoka nje, na heshima ya wote inabaki salama.

Kutokana na sababu hizo tatu, tunatoa rai ifuatayo.

Kila komini iandike kanuni moja fupi, inayosomeka kwa Kiswahili na Kifaransa, na ndani yake wajibu uwekwe juu ya mwenye mahali, si juu ya mvutaji. Mwenye buveti, mkuu wa masomo, mwenye hoteli, mwenye gari: hao ndio watakaojibu ikiwa sigara imewaka ndani mwao. Wako wachache, wanajulikana, wana anwani na hati za kazi. Ireland nayo iliweka wajibu juu ya mwenye mahali, pamoja na mvutaji. Kumfuata mvutaji mmoja mmoja njiani kungezaa msongo na rushwa; kumwuliza mwenye nyumba kunatosha.

Ukaguzi ufanywe na watu wa usafi na afya kutoka zoni ya afya, wakitembea wawili na barua yenye muhuri. Mara ya kwanza ni onyo la maandishi. Mara ya pili ni onyo jingine, na jina la mahali litajwe katika mkutano wa komini. Faini ije mwishoni, ilipwe benki kwa hati, wala mkaguzi asipokee hata franka moja mkononi. Kibao kilichobandikwa ukutani kiwe na nambari ya simu ya kupashia habari za uvutaji, na pia za mkaguzi anayeomba kitu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Komini peke yake haitaweza, kwa hiyo iwaite wote wanaoshika mlango fulani. Chama cha madereva kinaweza kuamua kwamba ndani ya teksi havutwi, dereva akiwa wa kwanza. Walimu wanaweza kuanzia katika chumba chao wenyewe na katika lango la masomo, kwa maana mwanafunzi husoma tabia ya mwalimu kabla ya somo lake. Wauguzi wanaweza kumwuliza kila mama mjamzito, si tu "je, unavuta?" bali pia "nani anavuta nyumbani mwako?" Relais wa afya, wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo na malaria, wanaweza kuongeza neno hilo moja. Parokia, makanisa mengine na misikiti wana majumba ya karamu na ya vilio. Wabandike kibao chao bila kungoja amri. Vatikano yenyewe ilikataza uvutaji katika mahali pa ndani pa watu wote mwaka 2002, na mwaka 2017 Papa Fransisko akaamua kwamba haitauza tena sigara, ingawa biashara hiyo iliiletea mapato. Nyumba inayotaka kuwasihi wengine huanza kwa kufagia kwake.

Mshiriki mmoja tu asiitwe mezani: muuza tumbaku mkubwa. Kifungu cha 5.3 cha Mkataba kinazidai serikali zilinde sera zao za afya dhidi ya masilahi ya makampuni hayo. Zikija fulana, miavuli ya kioski, au mpira wa watoto wenye rangi za pakiti ya sigara, tujue kwamba si zawadi.

Tena tusichanganye muuzaji mkubwa na yule kijana anayetembea na sanduku lenye sigara, pipi na vitambaa vya karatasi, akiuza sigara moja moja ili ale jioni. Mkataba unakataza watoto kuuza tumbaku na kuuziwa, nasi tunakubali kabisa. Lakini kumpokonya sanduku lake na kumwacha na njaa si afya ya umma. Ashauriwe kubadili bidhaa, na komini imsaidie kwa kumwondolea tozo za njiani. Sheria inayoanza kwa kumpiga mdogo haitamfikia mkubwa.

Kwa wenye buveti wanaoogopa kupoteza wateja tunajibu hivi: hofu hiyo ilisemwa kwa sauti kubwa Dublin pia, na watu bado wanakunywa Dublin. Ikiwa kanuni ni moja kwa komini nzima, mteja hana mahali pa kukimbilia ndani. Atatoka nje, atavuta, atarudi kwenye chupa yake. Kinachoharibu biashara ni kanuni inayomkamata mmoja na kumwachia jirani yake. Kwa ndugu zetu wanaovuta tunasema: hatuwahesabu kuwa wabaya. Nikotini inafunga mtu kwa kamba kali, na wengi waliofungwa walianza wakiwa vijana, kwa sigara moja waliyonunua njiani. Wenye kutaka kuacha wapate muuguzi wa kuwasikiliza na kuwafuata bila kuwacheka. Wasiotaka bado, tunawaomba hatua chache tu hadi nje ya mlango.

Hatudai mji wote ubadilike kwa siku moja. Tunadai komini moja ianze: iandike kanuni yake, ihesabu buveti zake, ichague tarehe, na kuomba hospitali yake itunze daftari la wagonjwa wa moyo na wa kifua kabla ya tarehe hiyo na baada yake. Baada ya mwaka, hesabu zisomwe mbele ya wakaaji, ziwe nzuri au mbaya. Komini ya pili itajua la kufanya.

Mwisho, tuwakumbuke wale ambao habari hii inawahusu kuliko wote, nao hawataisoma: mhudumu anayefuta meza usiku wa manane, mtoto aliyekalishwa kati ya watu wazima katika teksi iliyofungwa vioo, mgonjwa aliyelala karibu na dirisha la ukumbi wa hospitali. Hawakuchagua hewa wanayopewa. Wanaomiliki vyumba hivyo na wanaoongoza komini zetu ndio wanaowachagulia, kila siku.